Konokono na koa wananimalizia miche, nifanyeje?

MicheMipya

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada maana kwa kweli nimechoka. Nina kabustani kadogo nyuma ya nyumba, matuta manne tu, mawili ya mboga za majani, moja la maharage na la mwisho nimechanganya letasi na maua. Tangu mvua zianze hakuna kinachopona. Nikipanda leo, baada ya siku tatu nne nakuta tundu tupu.

Juzi jioni niliyahesabu maharage yaliyokuwa ndo kwanza yametoa majani mawili ya mwanzo, yalikuwa 22. Asubuhi nakuta 6. Yale mengine kimebaki kijiti tu kama njiti ya kiberiti, kimelowa ute, na hata kwenye mpini wa ndoo ya kumwagilia kuna michirizi inang'aa kama mtu kapitisha gundi. Wapo wa aina mbili, konokono wenye gamba na wale koa wasio na nyumba, wale wa kijivu wanaoteleza. Nadhani hao koa ndo wabaya zaidi maana mchana huwaoni kabisa.

Nilichojaribu mpaka sasa: nilimwaga chumvi kuzunguka tuta, ikaja mvua ikaipeleka ndani na letasi za pembeni zote zikaungua. Nikaweka majivu, yakasaidia siku mbili mpaka yalipolowa. Maganda ya mayai nimesaga na kuzungushia, nimewaona kwa macho yangu wanapita juu yake. Nimeokota nikatupa ng'ambo ya uzio, sijui hata kama ilisaidia. Dawa kali naogopa, nina mtoto anayetambaa na mbwa anayelamba kila kitu.

Mwenye uzoefu anisaidie, nataka kupanda tena wikiendi hii ila sitaki kupoteza mbegu mara ya nne.

TochiMkononi

Pole sana mkuu, hilo la kuhesabu jioni na kukuta vijiti asubuhi nalijua, linauma.

Kwanza acha kabisa chumvi. Ni kweli inaua, inamvuta maji mwilini mpaka anakauka, lakini ile chumvi haiendi popote, inabaki kwenye udongo na mmea nao unashindwa kunywa maji. Mwagilia hilo tuta maji mengi mara kadhaa ili ishuke chini, na kwenye ile kingo iliyoungua usipande kitu kwa sasa.

Pili kabla ya yote hakikisha ni wao kweli. Kwa maelezo yako ni wao maana kuna ute, ila nasema kwa faida ya wengine wanaosoma: ukikuta mche umekatwa usawa wa udongo umelala chini na hakuna ute popote, chimbua pale pembeni na kidole utamkuta sota, yule kiwavi mkata miche, kajikunja kwenye udongo. Huyo ni mdudu mwingine na njia zake ni nyingine. Konokono anakwangua, ulimi wake una vijino vidogo vidogo maelfu kama msasa, kwa hiyo anaacha matundu yasiyo na mpangilio katikati ya jani au anaanzia pembeni, na kwa mche mchanga anakula wote.

Sasa dawa yangu mimi ni moja tu, tochi na ndoo. Saa mbili au saa tatu usiku, hasa kama mvua imenyesha jioni, unatoka na tochi, glavu mkononi, ndoo ina maji robo na sabuni ya kufulia ya kutosha. Unapita tuta kwa tuta polepole. Usiangalie juu ya majani tu, geuza jani uangalie chini yake, angalia shina, angalia ukuta, angalia hiyo ndoo yako ya kumwagilia kwa chini. Usiku wa kwanza mimi nilitoa 140 na kitu kwenye eneo dogo kuliko lako, sikuamini, mchana nilikuwa naona labda wawili. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, na ile ya nne. Watu wengi wanafanya usiku mmoja wanaona wamemaliza, kumbe waliotoka usiku ule ni sehemu tu, wengine wako chini ya ardhi wanatoka kwa zamu. Fanya usiku kwa usiku wiki nzima, alafu mara mbili kwa wiki. Andika idadi mahali, utaona inavyoshuka na itakupa nguvu ya kuendelea.

Kuhusu kuwatupa ng'ambo ya uzio: wanarudi. Konokono ana uwezo wa kurudi alikotoka, waliofanya majaribio kwa kuwapaka alama waliona inabidi umpeleke zaidi ya mita 20 hivi ndo asirudi. Sasa hapo si umempelekea jirani tu.

MamaKitalu

Mwanangu pole. Nimelea miche zaidi ya miaka ishirini na konokono nimepigana nao kila msimu, nikueleze ninachokiona.

Huyo mwenzangu wa tochi kasema vizuri ila ukiishia hapo utaokota milele. Lazima ujiulize mchana wanalala wapi. Konokono na koa mwili wao ni maji tu, jua linawaua, kwa hiyo mchana lazima wawe mahali penye giza na unyevu na karibu na chakula. Nenda saa hizi kazungukie bustani yako na jicho hilo. Matofali yaliyopangwa pembeni. Mbao zilizolala. Vyungu vitupu. Magugu marefu kando ya uzio. Nailoni. Majani makavu uliyoyatandaza yakiwa mazito na yamegusa shina la mche. Hizo zote ni nyumba zao umewajengea mwenyewe bila kujua.

Mimi mwaka mmoja nilikuwa na rundo la matofali mita mbili kutoka kwenye kitalu, kila siku naokota, kila siku wapo. Siku moja nikasema ngoja niyahamishe. Tofali la chini kabisa nikaligeuza, upande wa udongoni walikuwa wamejipanga kama vifungo vya shati, na katikati yake kuna kishimo kimejaa mayai. Kama hujawahi kuyaona ni vitu vidogo vya mviringo, vyeupe, vingine vinapitisha mwanga kama shanga za kioo, vimeshikana kwa ute. Nilivichota kwa kijiko. Hapo ndo nikaelewa kwa nini hawaishi. Wale wadogo wa bustanini anataga kama mayai 80 kwa mara moja, na yule konokono mkubwa wa Afrika anaweza kutaga 100 mpaka 400 kwa mkupuo mmoja. Na tena kila mmoja ana udume na ujike humo humo, wakikutana wawili wote wawili wanaweza kwenda kutaga. Kwa hiyo ukigeuza udongo ukakuta hizo shanga, zitoe, ziponde au zianike juani zikauke, hiyo ni kazi kubwa kuliko kuokota wakubwa hamsini.

Jambo la pili na hili watu wanalidharau: unamwagilia saa ngapi? Ukimwagilia jioni umewatandikia njia. Anapotembea anatumia ute wake kuteleza, pakavu anatumia ute mwingi anachoka, palipolowa anakwenda mbali bila shida. Mwagilia asubuhi na mapema, mwaga kwenye shina usinyunyize bustani nzima, ili ikifika jioni udongo wa juu uwe umekauka. Mimi hii peke yake ilinipunguzia hasara karibu nusu. Sasa kipindi cha mvua huwezi kuzuia mvua, lakini siku zisizo na mvua usiwasaidie.

Na matandazo usiyaache moja kwa moja, yana faida yake kwa udongo, ila miche ikiwa midogo yasogeze mbali na shina kama upana wa kiganja, mpaka mche ukomae. Mche wenye majani sita saba magumu hauliwi kirahisi. Tena ukiweza usipande mbegu moja kwa moja kwenye tuta kipindi hiki. Otesha kwenye vikopo juu ya meza, miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji, ukihamisha mche unakuwa tayari una nguvu.

JembeNaReki

Mi naona mnamchosha tu, kuna zile punje za bluu za konokono, unamwaga kiganja asubuhi unakuta wamekufa wote wamejaa, kazi imeisha. Nimetumia miaka yote.

TochiMkononi

@JembeNaReki mkuu hapana, soma alichoandika, ana mtoto anayetambaa na mbwa. Zile nyingi zina metaldehaidi, na ile ni sumu kali kwa mbwa, zinatengenezwa na unga ndani ili konokono azipende na mbwa naye anazipenda hivyo hivyo. Mbwa akila anaanza kutetemeka, anapata degedege na joto linapanda, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Ndege nao wanaokota. Uingereza wamepiga marufuku kuzitumia nje tangu mwishoni mwa Machi 2022, na hawakufanya hivyo kwa bahati mbaya, ni kwa sababu ya wanyama na ndege. Jirani yangu mmoja alipoteza mbwa hivi hivi, mfuko uliachwa stoo umefunguliwa. Siwezi kumshauri mtu mwenye mtoto mdogo kitu hicho hata siku moja.

Kama mtu lazima atumie punje basi atafute zilizoandikwa fosfati ya chuma. Konokono akila hizo anaacha kula, anakwenda kujificha na kufa baada ya siku chache, ndo maana hutaona mizoga watu wanadhani hazifanyi kazi. Angalia majani, siyo mizoga. Hatari yake ni ndogo zaidi, ila nazo siyo za kuacha wazi, mbwa akila boksi zima atadhurika. Na zinamwagwa chache chache, zimesambaa, siyo rundo. Soma karatasi yake inasema kiasi gani kwa eneo gani.

JembeNaReki

Sawa nimekuelewa, hiyo ya mbwa sikuijua kwa undani hivyo. Mimi sina mnyama nyumbani ndo maana sikuwahi kufikiria. Nitaangalia nilizonazo zimeandikwa nini.

MicheMipya

Shikamoo mama @MamaKitalu, na asante sana @TochiMkononi. Yaani nimesoma nikatoka nje hapo hapo. Mama umenionea mbali, nina mbao tatu nilizozilaza kati ya matuta ili nikikanyaga nisitie miguu matope. Nimegeuza ya kwanza nimekuta koa 11 na konokono wadogo wadogo sijahesabu. Na ndiyo, namwagilia jioni, kila siku, nikitoka kazini, na nalowesha kila mahali.

Maswali mawili. Hizo mbao nizitoe kabisa? Na je hizi za kuzungushia kama mkanda wa shaba zinafanya kazi? Nimeona watu wanausifia sana.

MamaKitalu

Marahaba mwanangu. Mbao usizitoe zote! Acha moja au mbili makusudi, huo sasa ndo mtego wako. Kila asubuhi ukiamka unageuza, unawakwangua wote kwenye maji ya sabuni, unairudisha. Weka na ganda la tikiti au la chungwa limepinduliwa mdomo chini kama kofia, wanaingia usiku wanajificha humo. Sharti ni moja, ukiweka mtego lazima uutazame kila siku bila kukosa. Ukiusahau siku tatu tayari imegeuka nyumba ya kuzalia.

UdongoMwekundu

Naomba nijibu la shaba maana nilitumia hela na muda huko. Royal Horticultural Society, chama cha watu wa bustani cha Uingereza, mwaka 2018 walilijaribu jambo hili kwenye letasi, wakazungushia nyingine mkanda wa shaba, nyingine maganda ya mayai, nyingine changarawe, magome ya msonobari na vidonge vya sufu ya kondoo, na nyingine wakaziacha hivi hivi bila kitu. Zote zililiwa sawa tu, hawakuona tofauti ya maana. Mimi mwenyewe niliuzungusha kwenye vyungu vinne, viwili vikapona viwili vikaliwa, na hivyo vilivyoliwa nilikuja kugundua konokono alikuwa ameshazaliwa ndani ya chungu humo humo kwenye udongo, kwa hiyo ukuta wote wa nini wakati adui yuko ndani. Na jani likiinama likagusa nje, ni daraja. Kwa hiyo sisemi ni bure asilimia mia, ila usiweke tumaini lako hapo.

Kilichonisaidia mimi ukiacha kuokota ni mtego wa bia. Harufu ya hamira ndo inawavuta, kwa hiyo hata maji ya vuguvugu na sukari na hamira yanafanya kazi, siyo lazima bia. Unachukua kikopo, unakifukia lakini mdomo wake uache umechomoza juu ya udongo sentimita mbili hivi. Hii ni muhimu, ukikifukia usawa wa ardhi watatumbukia na wale mbawakawa weusi wanaotembea chini ambao wao wanakula mayai ya koa, utakuwa unaua askari wako. Jaza nusu, funika juu na kibati kilichoinuliwa ili mvua isijaze, badilisha kila baada ya siku mbili. Kwako weka mahali mtoto hafiki, na mbwa pia asije akanywa. Mtego unavuta wa karibu tu, usitegemee kimoja kwa bustani nzima.

Alafu kuna jambo hakuna aliyelisema bado. Usiue kila kitu. Chura akiwa bustanini mwache, anakula koa usiku kucha. Mijusi, ndege, na hata funza wa kimulimuli, yule anayewaka usiku, akiwa mchanga chakula chake ni konokono. Na siyo kila koa ni adui, wengine wanakula majani yaliyooza na uyoga tu hawagusi mmea mzima, ndo wanakutengenezea mboji. Mimi waliopo kwenye lundo la mboji kule mbali nawaacha. Waliopo kwenye miche ndo nawaondoa.

TochiMkononi

Umesema vizuri sana @UdongoMwekundu. Wenye nafasi bata nao ni wazuri mno, kuku anachagua ila bata anatafuta koa kama ameajiriwa. Ila waingize kabla hujapanda au baada ya mmea kuwa mkubwa, la sivyo letasi nazo zitakwenda.

Na @MicheMipya kuhusu mtoto, usisahau glavu na kunawa mikono. Konokono na koa wanaweza kubeba minyoo wadogo wa panya ambao wakiingia kwa mtu wanakwenda mpaka kwenye ubongo. Mtu anaipata akila konokono mbichi, au kakoa kadogo kaliko kwenye jani la letasi ambalo halikuoshwa. Kwa hiyo mtoto asiachwe kuwachezea akatia mdomoni, na mboga za kula mbichi osha jani moja moja chini ya maji yanayotiririka, siyo kuchovya fungu zima kwenye beseni.

MicheMipya

Hilo la minyoo limenishtua, asante kwa kusema. Nimeanza leo. Maji asubuhi, matofali nimehamishia upande wa jua, magugu ya kando ya uzio nimefyeka, mbao mbili zimebaki kama mtego. Wikiendi sipandi, naotesha kwenye vikopo kama mama alivyosema. Nitarudi kuwaambia.

MicheMipya

Wakuu ni wiki tatu na siku kidogo sasa. Nimefanya kama TochiMkononi alivyosema nikaandika idadi kwenye daftari la jikoni. Usiku wa kwanza 93. Wa pili 88, nikakata tamaa kidogo. Wa tatu 61, wa nne mvua kubwa ikanyesha nikakuta 97, hapo nilitaka kuacha kabisa ila nikakumbuka mtu kasema wanatoka kwa zamu. Wiki ya pili ikawa thelathini na kitu, ishirini na kitu. Jana usiku 9, na sita kati yao walikuwa ukutani siyo kwenye tuta.

Mayai nimeyapata mara mbili, moja chini ya chungu na jingine pembeni ya tuta la letasi, kina cha kidole tu. Ni kweli yanafanana na shanga, mama. Nimeyaanika kwenye bati, jua la saa sita yakawa yamekwisha.

Maharage nimehamisha kutoka kwenye vikopo Jumamosi, miche 18. Leo asubuhi nimehesabu tena, ni 17, na huyo mmoja alikanyagwa na mbwa.

MamaKitalu

Hongera mwanangu, nimefurahi mno. Sasa tuta la maharage liangalie kwa karibu siku kumi zijazo mpaka yaanze kupanda kwenye miti, hata kama usiku unaona hamna kitu pita tu na tochi. Na ile mbao iliyo karibu na maharage isogeze pembeni leo, usiwaite jirani na miche bado michanga.

MicheMipya

Nimeshaisogeza mama. Chini yake nimemkuta mmoja.